Uso wa Nerima

Mabaka yalimjia Nerima pamoja na mimba ya kwanza. Mwanzoni yalikuwa kivuli tu juu ya mashavu, kivuli ambacho mtu angeweza kudhani ni masizi, na kwa kuwa Nerima alikuwa mpiga pasi wa nguo za mitumba pale sokoni Gikomba, hata yeye mwenyewe alidhani hivyo. Alikisugua kwa kitambaa na sabuni ya kufulia, kikabaki. Kufikia wakati Triza anazaliwa, kivuli kilikuwa kimekolea na kujichorea mipaka yake, shavu hili na shavu lile, na kingine kikalala juu ya mdomo kama ndevu za kijana anayeanza kubalehe.

"Yataondoka ukishajifungua," wanawake wa kliniki walimwambia.

Triza alizaliwa, akaota meno, akaanza kutembea akishikilia kuta za nyumba yao ya Kaloleni. Mabaka hayakwenda popote.

Nerima hakuwa mtu wa kukaa kwenye kioo. Kioo cha nyumba kilining'inia karibu na mlango, kwenye mwanga, kwa ajili ya Wanyonyi, mumewe, aliyenyolea ndevu hapo kabla ya kwenda kiwandani. Yeye alijipangusa uso kwa kile kilichokuwepo, akajipaka mafuta ya mtoto yaliyobaki kiganjani, akafunga kitambaa kichwani, akaenda. Kutwa nzima aliinama juu ya pasi ya makaa. Marobota yakifunguliwa, nguo nzuri huchaguliwa kwanza na kuletwa kwake zikiwa na mikunjo ya safari ndefu, naye huzinyoosha mpaka zionekane kama zimetoka dukani. Joto la makaa lilimpiga usoni kutoka chini, na jua, lililopita kati ya mabati mawili yasiyokutana, lilimpiga kutoka juu. Hakuwahi kufikiri kwamba hayo mawili yalikuwa na neno lolote na uso wake.

Kilichomsumbua ni jinsi watu walivyousoma uso huo. Katika mitaa ya Eastlands kila mtu anajua, au anadhani anajua, alama za mwanamke anayejichubua: uso wa rangi hii, vidole vya rangi ile, na mashavu yaliyoiva weusi kama ndizi iliyosahaulika. Kanisani, wanawake walimsalimu wakiangalia mashavu kwanza kisha macho. Mmoja alimvuta kando baada ya ibada na kumnong'oneza, kwa upole kabisa, "Mama Triza, niambie hiyo krimu inaitwaje, nisije nikainunua bila kujua."

"Sijapaka krimu yoyote."

"Haya," yule mama akasema, akampapasa bega, kama mtu anayemwacha mgonjwa akatae ugonjwa wake.

Siku mambo yalipoharibika hasa ilikuwa siku ya kuombea nyumba ya Njiru. Mama Mirriam, mamake Wanyonyi, alikuwa ameishi Kaloleni miaka yote ya ndoa yake, mke wa mfanyakazi wa reli, na baada ya kufiwa aliwaachia mwanawe na mkewe nyumba ile akahamia kwake mwenyewe, nyumba ya mawe aliyojenga polepole kando ya barabara ya Kangundo. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, ambaye hata siku za jua kali hakuvua nguo za mikono mirefu. Wageni walijaa sebuleni, mchungaji akaomba, na Nerima, kama mke wa mtoto wa nyumba, akapita na birika la chai.

Alipofika kwa mama mkwe, Mirriam hakuinua kikombe. Alimshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye dirisha.

"Hii ni nini?"

"Ni mimba, Mama. Yalikuja na Triza."

"Mimi nimezaa. Watoto wangu wote nimewazaa na hakuna aliyeniachia uso wa namna hii." Sauti yake ilikuwa imepanda, na sebule ikanyamaza ili imsikie. "Unajipaka madawa. Mungu amekupa ngozi nzima, wewe unaichubua kama viazi!"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Mchungaji akatazama dari mpya. Nerima alimtafuta Wanyonyi kwa macho, akamwona ameinamia kikombe chake kana kwamba chai ilikuwa na maandishi. Alirudisha birika jikoni, akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi.

Waliporudi Kaloleni, Wanyonyi alisema, "Unamjua Mama. Kesho atakuwa amesahau."

"Na wewe unaamini nini?"

Alichelewa kujibu. Hakuchelewa sana, lakini Nerima alikuwa akisikiliza ule ukimya kuliko jibu. "Mimi sijui mambo ya wanawake," akasema hatimaye.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipompata. Alikuwa amekataa krimu hizo maisha yake yote, si kwa hekima yoyote bali kwa sababu hakuwahi kuzihitaji. Sasa alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Ikiwa jina la kujichubua tayari ni lake, aliwaza, kwa nini asipate angalau uso usio na mabaka? Pale Gikomba kuna mwanamke hupita kati ya meza akiwa na ndoo ya mikebe ya krimu isiyo na majina. Kila siku Nerima alimwona akipita. Wiki ile akamsimamisha.

"Hii si ya kujichubua, dada," mwanamke yule alimhakikishia kabla hajaulizwa. "Hii ni ya kutoa madoa peke yake. Utaniambia."

Na kweli, iliyatoa. Hilo lazima lisemwe, kwa maana ndilo lililomtia mtegoni. Mabaka yalififia, kisha uso mzima ukang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Warigia, aliyepiga pasi meza ya pili, alimpigia mbinja. "Niaje, mrembo! Baba Triza anakulisha nini siku hizi?" Nerima alicheka. Kwa mara ya kwanza alisimama mbele ya kile kioo cha mlangoni bila sababu, akajitazama, akapendezwa. Uso ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri, lakini aliutazama kama anavyotazama gauni la mtu mwingine mezani kwake: alijua halitakaa.

Halikukaa. Kwanza jua lilianza kumuuma. Halafu vipele vidogo vikatoka kidevuni, na vishipa vyekundu vikaonekana mashavuni kama nyuzi zilizokatika. Siku aliyokosa kujipaka, uso uliwasha mpaka akaukwaruza. Kwa hiyo alijipaka tena, ukatulia, na kila mara alihitaji kupaka krimu nyingi zaidi ili utulie.

Aliyemwambia ukweli ni Lela, jirani wa mlango wa pili, mshonaji wa mabuibui na nguo za harusi, ambaye babu yake alitoka Lamu akaja kufanya kazi ya baraza la mji na kizazi chake hakikuondoka Kaloleni tena. Kwa kina Lela uso ni jambo la kutunzwa waziwazi, bila aibu. Mabibi harusi hupitia kwao kusingwa liwa, unga wa msandali, na nyumba nzima hunukia. Nerima alimwendea akitaka hiyo liwa.

Lela alimkalisha kibarazani, akamtazama kwa muda, cherehani imenyamaza.

"Liwa ni ya kuburudisha uso mzima, shoga. Huu wako unaungua. Sikupaki kitu hapo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Umetumia nini?"

Nerima alimwambia. Lilikuwa tulizo kusema. Lela hakushangaa wala hakumkemea. Alichomoa sindano kinywani, akaichoma kwenye kitambaa, akasema, "Kesho mimi na wewe tunakwenda hospitali. Na huo mkebe uje nao."

Daktari wa ngozi aliitwa Wacuka, mwanamke kijana aliyeonekana kuwa amelala kidogo. Aliufungua mkebe, akanusa, akaufunga. Alisema hawezi kujua yote yaliyomo bila kuupeleka maabara, lakini uso alioutazama ulimwambia kuna dawa kali ndani yake, ya aina ambayo daktari humwandikia mgonjwa kwa muda mfupi na kwa sababu maalum, wala si ya kupakwa kila siku kama mafuta. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Kabla ya krimu hii, ulikuwa na nini usoni?"

Nerima alieleza: mimba, kivuli, mabaka ya pande mbili, ya juu ya mdomo.

"Hayo huja na mimba," Daktari Wacuka akasema, akiandika. "Huwapata wanawake wengi, hasa wa rangi yetu. Jua huyakoleza. Joto pia. Unafanya kazi gani?"

"Napiga pasi. Ya makaa."

"Basi ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo sikujiletea mwenyewe?"

Daktari aliinua kichwa. "Mabaka? La. Hukujiletea."

Nerima alianza kulia, palepale, na hakuweza kueleza kwamba hakulilia uso. Lela alimpa ncha ya mtandio wake, Nerima akaukataa asije akauchafua kwa machozi na vipele, wakajikuta wanacheka wote watatu.

Maagizo yenyewe yalikuwa mepesi mno hata Nerima alihisi amenyimwa kitu. Aache mkebe kabisa. Aoshe uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, si kwa kitambaa cha kusugulia wala sabuni ya kufulia. Ajipake losheni ya kawaida ngozi ikiwa bado na unyevu. Na kila asubuhi, mvua au jua, apake losheni ya kukinga jua, aiongeze tena mchana, na avae kofia.

"Lakini daktari, mimi ni mweusi. Jua litanifanya nini?"

"Weusi wako unakukinga usiungue haraka," Daktari Wacuka akasema. "Lakini ngozi yetu ikikasirishwa, hujibu kwa rangi. Ukiibana chunusi, inaacha doa. Ukiisugua, inaacha doa. Kwa hiyo tunaikasirisha kidogo iwezekanavyo." Akasita kidogo. "Na nikuambie ukweli: ukiacha hii krimu, uso utachachamaa kabla ya kutulia. Usirudi nyuma. Mabaka tutayashughulikia baadaye, ngozi ikishapona."

Ulichachamaa. Uso wa Nerima ulivimba, ukawa mwekundu chini ya weusi wake, ukatoa vipele vilivyopasuka na kutoa maji. Hata upepo wa mlango ulimuuma. Warigia alichukua kazi za meza yake, naye akabaki nyumbani amejifunika leso kichwani mpaka puani, akimwambia Triza asimguse. Mabaka yale ya zamani yakarudi juu ya hayo yote, meusi kuliko mwanzo. Wanyonyi, aliyekwisha kuambiwa maneno ya daktari, alimletea maji, akampikia uji usioiva, akakaa kando yake. Asubuhi moja alivaa shati la Jumapili akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Siku iliyofuata Nerima alishindwa. Mkebe wa kwanza alikuwa ameutupa, lakini yule mwanamke wa ndoo alikuwa bado anapita Gikomba. Kidogo tu, aliwaza. Cha kutuliza tu, kisha nitaacha polepole. Alikuwa amempeleka Triza kwa Lela na tayari anafunga kamba za viatu mlango ulipobishwa. Aliyesimama nje ni Mama Mirriam, na mfuko wa ndizi mkononi, amechoka kwa safari ya kutoka Njiru.

Nerima aliivuta leso juu ya uso. Mirriam aliingia bila kukaribishwa, kama mtu aliyeishi humo miaka mingi, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha mumewe.

"Toa hiyo leso."

"Mama, sitaki maneno leo."

"Sikuja na maneno. Mwanangu alikuja jana akaniambia mambo ambayo hajawahi kuniambia tangu nimzae. Alisema nilikuaibisha kwa jambo ambalo hukulifanya, na yeye akanyamaza, na kwamba hatakanyaga kwangu mpaka nije." Alivuta pumzi. "Toa, nione."

Nerima aliiteremsha leso. Mirriam hakushtuka. Aliutazama uso ule kwa makini, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia. Kisha akafungua vifungo vya mikono ya blauzi yake, kimoja baada ya kingine, akaikunja hadi juu ya viwiko.

Nerima hakuwahi kuiona mikono ile. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, inameta, ina michirizi, na chini yake damu ilikuwa imevilia hapa na pale katika madoa ya zambarau.

"Ni nyumba hii hii," Mirriam akasema. "Baba yenu alikuwa akirudi kutoka safari za reli akisifu wanawake weupe wa stesheni. Nikapaka. Uso, shingo, mikono. Nilipaka miaka. Uso ulinisamehe kidogo, mikono haikunisamehe. Nikafanyiwa upasuaji, na daktari akaniambia ngozi inakatika pale anaposhona, haishiki uzi. Nilikaa hospitali mpaka nikadhani nitafia huko." Akaiteremsha mikono ya blauzi tena. "Siku ile Njiru, nilipokuona, niliona hii. Ningekuuliza. Badala ya kukuuliza nikapiga kelele."

Nerima angeweza kuyaacha maneno hayo yapite, na mke mwenye heshima angeyaacha. Lakini uso ulikuwa unamwaka, na kuficha kulikuwa kumemchosha.

"Mama, siku ile sikuwa nimejipaka chochote. Nilianza baada ya siku ile. Nilianza kwa sababu ya maneno yako."

Nje, mtu alikuwa anakung'uta mkeka, pu, pu, pu. Mirriam aliitazama mikono yake juu ya magoti.

"Sikujua hilo," akasema. "Wanyonyi hakuniambia hilo."

"Hajui. Sikumwambia mtu sababu."

"Basi hilo ni langu." Alisema hivyo tu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha aliinuka, akalichukua beseni lililokuwa chini ya meza. "Daktari alisema uoshe na nini?"

Alikaa nao Kaloleni mpaka uso wa Nerima ulipotulia. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alichota maji, akayapima uvuguvugu kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto, akasimama mlangoni Nerima akijiosha. "Polepole. Husugui sufuria." Mkono wa Nerima ulipoinuka kukwaruza, aliushika hewani. Walizungumza mambo ya kawaida, bei na misiba, na mara nyingine ya siku zile za reli, ambayo Mirriam aliyasimulia kwa vipande, bila kumtazama mtu.

Losheni ya kukinga jua nayo ilileta visa vyake. Ya kwanza ilimwacha Nerima na weupe wa majivu, na siku aliyorudi Gikomba, Warigia aliweka pasi chini ili apate kucheka vizuri. "Mama Triza, umetumbukia kwenye gunia la unga?" Nerima aliivumilia kwa muda, kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi, mpaka Lela alipomtafutia nyingine yenye rangi ya chai iliyokolea, iliyotoweka usoni mara tu ilipopakwa. Aliihamisha meza yake upande wa pili wa kibanda, ambapo mabati yalikutana, akajifunza kusimama wima zaidi badala ya kuuinamia moto. Kati ya nguo zilizoletwa kupigwa pasi ilipatikana kofia pana ya majani, ya mwanamke fulani wa nchi fulani ya pwani, akamwomba mwenye robota amwachie. Wabeba mizigo wakaanza kumwita Malkia. Aliwaacha.

Mabaka yalififia polepole, kwa krimu ambayo safari hii iliandikwa na daktari na kukoma pale daktari alipoikomesha. Hayakuisha yote. Lile la juu ya mdomo hukolea miezi ya jua kali, kisha hulegea. Nerima alikuwa ametarajia siku moja ataamka na uso wa usichana wake, na ilimchukua muda kukubali kwamba hilo halikuwa limeahidiwa na mtu yeyote. Alichopata ni uso usiouma. Asubuhi, akiwa ameinama juu ya beseni na maji yanamtiririka mikononi, alikuja kugundua kwamba zile dakika chache zilikuwa zake peke yake, kabla mtoto hajaamka, kabla ya makaa. Akaanza kuamka mapema kidogo ili azipate.

Yule mama wa kanisani alimwendea tena, sasa akitaka kujua siri. Nerima alimweleza yote: mimba, mkebe, hospitali. Alimalizia, "Mimi ni mpiga pasi tu. Ukiona kitu usoni, nenda ukaonwe." Yule mama aliitikia kwa kichwa, na macho yake, kwa mara ya kwanza, hayakuwa mashavuni.

Mwaka huo huo Nerima alimpeleka Mama Mirriam kwa Daktari Wacuka. Mirriam alikunja mikono ya blauzi mbele ya mtu asiyemjua, akiwa ameukaza mdomo. Daktari alisema wazi kwamba ngozi ile haitarudi kuwa nene kama zamani. Inaweza kulainishwa, kukingwa na jua, kulindwa isichanike, na hayo ndiyo yaliyobaki. Wakatoka wakakaa kwenye benchi la nje, kati ya wagonjwa wengine.

"Nilijua atasema hivyo," Mirriam akasema.

"Mbona basi ulikubali kuja?"

"Nilitaka mtu aione."

Siku hizi Nerima akienda Njiru hufika mapema. Mirriam akishaoga, hukaa kivulini nyuma ya nyumba na kumnyooshea mikono, naye Nerima huipaka losheni kwa viganja vilivyolegea, akifuata mstari wa mfupa, bila kukandamiza. Triza husimama kando na kudai apakwe yeye pia, puani, kisha puani tena. Bibi yake humwambia atulie, kisha hufumba macho, na haongei tena mpaka mkono wa pili umekwisha.